DEREVA MFUPI NA GARI KUBWA: TUKAE VIZURI ILI TUFIKE SALAMA



Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 19, tunakutana na Zakayo, mtu mfupi wa kimo aliyetamani kumwona Yesu akipita Yeriko, lakini umati ukamziba. Zakayo hakukaa kando akilalamikia kimo chake. Alikimbia mbele, akapanda mkuyu. Tuangalie pia alichokipanda: mti wenye mizizi, usioteleza chini ya miguu yake. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na akina Zakayo wa barabara zetu, yaani akina mama, masista, wauguzi, makatekista na vijana wenye kimo kifupi ambao kila siku wanaendesha magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu warefu.

Sista mmoja muuguzi, ambaye kimo chake hakifiki sentimita 150, alitusimulia yaliyompata katika zahanati moja ya mlimani. Usiku mmoja wa masika aliamshwa ampeleke hospitali mama aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa. Dereva wa zahanati alikuwa mgonjwa. Gari lilikuwa Land Cruiser ya zamani, na ili aone barabara, Sista alikuwa na desturi ya kukalia mto wa kitandani. Katika mteremko wenye tope, alipokanyaga breki kwa nguvu, mto uliteleza kwenda mbele na yeye akateleza pamoja nao. Mguu ukaachia breki. Kwa neema ya Mungu gari liliegemea ukingo wa udongo upande wa mlima, wala si upande wa bonde. Hakuna aliyeumia, lakini iliwachukua vijana wa kijiji muda mrefu kulisukuma kutoka matopeni, na mama yule alifika hospitali akiwa amechoka sana. Yeye na mtoto walipona. "Tangu siku ile," alituambia Sista, "nilijua kwamba ule mto haukuwa suala la raha tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala hii. Wengi wetu tunadhani kukaa vizuri garini ni anasa ya matajiri. Sivyo. Ni suala la afya ya mgongo na miguu ya dereva, na ni suala la uhai wa wale anaowabeba na wale wanaotembea kando ya barabara.

KWA NINI GARI HALIMTOSHI DEREVA MFUPI

Gari hutengenezwa kwa kukadiria mwili wa mtu fulani. Kwa miaka mingi sanamu zilizotumiwa zaidi viwandani kupima madhara ya ajali zilikuwa na umbo la mwanamume wa wastani wa nchi za Magharibi, mwenye kimo cha sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 78 hivi. Sanamu ndogo za kike zilikuwapo, lakini ilikuwa mwaka 2022 ndipo watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Astrid Linder, walipoonyesha sanamu ya majaribio yenye umbo la mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62. Wengi wa mama zetu hapa Kilimanjaro hawafikii hata kimo hicho. Basi dereva mfupi asijione kwamba ana kasoro. Mwili wake ni mzima. Ni kiti ambacho hakikumfikiria.

Mambo matatu humpata dereva wa namna hii. Kwanza, macho yake huwa chini, hivyo anatazama barabara kupitia katikati ya usukani, na boneti inamficha yaliyo karibu. Pili, miguu haifiki vizuri kwenye pedali, hivyo anakanyaga klachi na breki kwa ncha za vidole. Tatu, kalio la kiti ni refu kuliko mapaja yake. Akiegemea nyuma, ukingo wa kiti unambana nyuma ya magoti. Akisogea mbele, mgongo unabaki hewani bila egemeo.

Katika tambarare mtu anaweza kuvumilia. Lakini sisi tunaishi mlimani. Atokaye Marangu Mtoni kushuka Himo, au Kibosho kushuka Moshi mjini, hutumia breki, klachi na gia mara nyingi sana katika muda mfupi. Na barabara za udongo mwekundu kati ya vihamba, wakati wa mvua, hazina huruma kwa mguu usiofika vizuri kwenye breki.

MADHARA KATIKA MWILI

Mgongo usioegemea kitu hujipinda. Misuli ya kiuno inafanya kazi bila kupumzika, na kila shimo la barabara linapeleka mshindo wake moja kwa moja katika pingili za uti wa mgongo. Ndiyo sababu dereva anashuka garini ameshika kiuno.

Shingo nayo huchoka kwa sababu dereva ananyoosha kidevu juu ili aone mbele. Mabega hupanda karibu na masikio kwa sababu usukani uko juu mno. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa jioni, ambayo wengi huyadhania kuwa ni malaria au shinikizo la damu.

Mguu wa kushoto ndio unaoteseka zaidi kwa sababu ya klachi. Nyonga na goti vinauma, na ukingo wa kiti ukibana nyuma ya goti mishipa ya damu hubanwa, miguu ikafa ganzi na kuvimba. Katika safari ndefu bila kushuka, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Jambo hilo ni la hatari, na tutalirudia hapo chini.

HATUA ZA KUPANGA KITI

Fanya kazi hii gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa na hendibreki imevutwa. Vaa viatu unavyovaa ukiendesha. Fuata utaratibu huu, maana kila hatua inategemea ile iliyotangulia.

1. Urefu wa kwenda juu. Anza na macho. Ukikaa wima, macho yako yawe juu ya ukingo wa juu wa usukani kwa upana wa vidole vinne au zaidi. Kama kiti chako kina leva ya kukipandisha, kitumie. Kama hakina, utahitaji kalio la ziada, ambalo tutalieleza.

2. Umbali wa pedali. Ukishapanda juu, miguu nayo imepanda na imekuwa mbali zaidi na pedali. Kwa hiyo sasa sogeza kiti mbele. Kanyaga klachi mpaka chini kabisa kwa sehemu pana ya mguu, ile iliyo chini ya vidole, si kwa ncha. Goti libaki limekunjika kidogo. Fanya hivyo hivyo kwa breki. Kama goti limenyooka kabisa, bado uko mbali.

3. Egemeo la mgongo. Makalio yafike nyuma kabisa na mgongo uguse egemeo. Egemeo lisimame karibu wima, likilala nyuma kidogo tu. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu.

4. Usukani. Pima kati ya mfupa wa kidari na katikati ya usukani. Pasipungue sentimita 25. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani, ambao hulipuka kwa kasi kubwa wakati wa ajali. Unaokoa maisha, lakini unamjeruhi aliyeukaribia mno. Katika gari la zamani lisilo na mfuko huo, usukani wenyewe ndio unaogonga kifua. Kama umbali hautoshi, laza egemeo nyuma kidogo, au shusha usukani kama unashushika, ili uelekee kifuani na si usoni.

5. Kiegemeo cha kichwa. Sehemu yake ya juu iwe sawa na utosi, wala kisiwe shingoni.

6. Mkanda. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, isipite juu ya tumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na ya kifua. Mkanda ukikata shingo, usiupitishe chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo, kwa maana hapo umegeuka kuwa silaha dhidi ya mbavu zako. Ukipandishwa juu vizuri, mara nyingi mkanda hurudi begani wenyewe. Mama mjamzito aupitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya nyonga, na wa juu kati ya matiti, pembeni mwa tumbo.

7. Vioo. Vipange mwisho, baada ya hayo yote, kwa sababu macho yamehama mahali yalipokuwa.

JARIBIO LA NDOO

Hapa tunawaomba familia nzima washiriki. Dereva akae kitini tayari kwa safari, lakini injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Mtu mwingine aweke ndoo juu ya kigoda mbele kabisa ya boneti, ifikie kimo cha mtoto wa miaka miwili. Kisha airudishe mbele hatua kwa hatua mpaka dereva aseme, "Naiona." Hapo pimeni umbali kutoka kwenye gari hadi kwenye ndoo. Rudieni hivyo pembeni na nyuma.

Umbali huo wote ni mahali ambapo mtoto anaweza kusimama na dereva asimwone. Nyuani kwetu watoto huzunguka gari kama vifaranga wamzungukavyo kuku. Basi iwe kanuni: kabla ya kuwasha gari nyumbani au uwanja wa kanisa, dereva azunguke gari kwa miguu, na watoto wote washikwe mkono na mtu mzima mpaka gari litoke.

KALIO LA ZIADA LINALOFAA

Mto wa kitandani haufai. Wala sponji laini ya godoro la zamani haifai, wala khanga zilizokunjwa. Kitu laini hubonyea wakati wa ajali, mwili ukazama na kuteleza chini ya mkanda, na mkanda ukapanda tumboni ambako kuna ini, wengu na utumbo. Kinachofaa kinaweza kutengenezwa na fundi wa viti vya magari kwa sifa zifuatazo:

- Kiwe cha sponji ngumu, ambayo ukiikalia inabaki na unene wa sentimita 3 hadi 5.

- Kiwe kinene upande wa nyuma na chembamba upande wa mbele. Namna hii kinapandisha kiuno na macho, lakini hakipandishi mapaja na kuyaondoa miguu kwenye pedali.

- Kienee upana wote wa kiti, kisije kikamfanya dereva akae upande.

- Chini yake kishonewe mpira wa tyubu ya zamani usioteleza, na juu kitambaa cha pamba au turubai. Plastiki huteleza na kumtoa mtu jasho, hasa katika Hiace ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele.

- Kiwe na mikanda miwili imara ya kukifunga nyuma ya kiti. Mkanda wa usalama usipite chini yake.

Kama mgongo haufiki kwenye egemeo, fundi atengeneze pia mto wa mgongo wa sponji hiyo hiyo ngumu, wenye kuenea tangu kiunoni hadi kwenye mabega, nao ufungwe. Lakini tukumbuke kwamba kila sentimita inayoongezwa nyuma inamsogeza dereva mbele, kwa hiyo umbali wa sentimita 25 upimwe tena.

Sista yule tuliyemtaja alifanyiwa hivyo kwa siku moja tu, na fundi aliyezoea kushona viti vya daladala.

KAZI YA GEREJI

Kuna madereva ambao kalio la ziada haliwatoshi. Hao waende gereji yenye fundi anayeaminika. Anaweza kuinua kiti kizima kwa kuweka vipande vya chuma chini ya reli na kufunga kwa bolti ndefu zenye nguvu ile ile ya zile za mwanzo. Asitumie vipande vya mbao. Mbao hupasuka, na kiti kikachomoka na mtu wake.

Zipo pia pedali za kuongezea urefu, ambazo hufungwa kwa skrubu au bolti juu ya pedali za gari. Hizo zifungwe na mtaalamu, na dereva ajizoeze kwanza uwanjani. Tumewahi kuona kipande cha mti wa mgrivea kimefungwa kwenye klachi kwa mpira wa baiskeli. Kikichomoka na kukwama chini ya breki katika mteremko, hakuna wa kumlaumu tena. Aidha, gari likibadilishwa namna hii, mwenye gari aijulishe kampuni ya bima, ili siku ya ajali asije akakataliwa haki yake.

Kama klachi ni nzito mno, usidhani daima ni udhaifu wa mguu wako. Mara nyingi inahitaji kurekebishwa tu.

VIATU, KUPANDA NA KUSHUKA

Kandambili na viatu vya visigino virefu viachwe pembeni. Viatu vyenye soli ngumu, nyembamba kiasi na isiyoteleza ndivyo vinavyofaa. Usiongeze soli nene sana ili ufike, maana utapoteza hisia ya pedali.

Magari ya juu huumiza magoti wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Usiruke. Geuza uso kuelekea gari kama mtu ashukaye ngazi, shika mahali pawili kwa mikono na uteremshe mguu mmoja mmoja. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka kidato cha chuma chini ya mlango. Wenye kitenge au kanzu ndefu wakusanye nguo kwanza, isije ikanasa kwenye leva au pedali.

GARI MOJA, MADEREVA WENGI

Katika parokia na zahanati nyingi gari ni moja, Paroko ni mrefu na Sista ni mfupi. Asubuhi mmoja amelisogeza kiti nyuma, jioni mwingine anaitwa kwa dharura na hana muda wa kupanga. Tunashauri hivi: kila dereva awe na alama yake kwenye reli ya kiti, kwa rangi au utepe. Kalio la ziada liwe na mahali pake maalumu nyuma ya kiti, lisitupwe sakafuni ambako linaweza kuviringika hadi kwenye pedali. Na liwepo agizo kwamba hakuna safari inayoanza kabla ya dakika moja ya kupanga kiti, mkanda na vioo. Hata dharura ina dakika moja. Asiyefika salama hakumsaidia mgonjwa.

Kiongozi anayelipangia gari bajeti asione gharama ya kalio na bolti kuwa mzigo. Anayetumwa barabarani ana haki ya kupewa chombo kinachomfaa.

MAPUMZIKO NA MAZOEZI

Kila mwaka mwezi wa Desemba ndugu zetu hupanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, safari ya zaidi ya kilometa 500. Kila baada ya saa mbili dereva asimame mahali salama kwa dakika 15, ashuke na atembee. Asimame kwa vidole na kurudi chini mara kumi, ili shavu la mguu lisukume damu. Aweke mikono kiunoni na kujinyoosha nyuma taratibu mara tano. Azungushe mabega. Anywe maji, kujinyima maji ili kuepuka kushuka njiani ni kosa.

DALILI ZA KUWAHI HOSPITALI

Maumivu ya kawaida ya mgongo hupungua kiti kikirekebishwa. Lakini usingoje ukiona haya:

- Mguu mmoja umevimba, unauma kwenye shavu lake au una joto, hasa baada ya safari ndefu. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, ni dharura kubwa.

- Ganzi kati ya mapaja au sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu kukosa nguvu. Hii pia ni dharura ya siku hiyo hiyo.

- Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda au kutokwa jasho usiku. Hapa kwetu kifua kikuu cha mifupa hakijaisha.

- Maumivu yanayozidi usiku au yasiyopungua baada ya wiki chache.

Anzeni katika zahanati iliyo karibu, nao watawaelekeza hospitali zetu za Kibosho, Kilema au Huruma, au KCMC ambako kuna wataalamu wa fiziotherapia. Mwenye ulemavu wa mguu, au aliye na mguu mmoja mfupi, asijitengenezee pedali mwenyewe. Awaone wataalamu hao kwanza.

Wapendwa, Zakayo alishuka mtini kwa furaha akamkaribisha Bwana nyumbani kwake. Nasi tunawaombea madereva wetu wote, wafupi kwa warefu, washuke garini kila jioni wakiwa wazima, bila kushika kiuno, na wale waliowabeba wawe wamefika. Jumamosi hii, kabla ya kuosha gari, chukueni ndoo, kigoda na futi ya fundi, mkaanze na lile jaribio.

Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, atuombee.